Sukari ya Kinywani na Sukari ya Damuni



Mgeni akifika nyumbani kwetu, tunampa nini? Zamani mama zetu walileta karanga za kukaanga, mhindi wa kuchoma, ndizi zilizoiva, na kata ya maji. Siku hizi mtoto hutumwa dukani mbio alete chupa ya sucré na pakiti ya biskuti. Chupa isipopatikana, tutapika chai na kutia vijiko vitatu vya sukari bila kumwuliza mgeni, maana chai kavu ni kama kumwambia kwamba hatukumngojea. Desturi hiyo ni ya upendo, nasi hatuilaumu. Lakini katika parokia zetu wanazidi kuwa wengi wale wanaoambiwa na mganga: "Damu yako ina sukari kupita kiasi." Wanarudi nyumbani na huzuni, hawajui wale nini wala wanywe nini kati ya asubuhi na jioni. Mmoja anaacha sukari ya chai, lakini anakula maandazi manne. Mwingine anakataa hata ndizi moja, lakini anakunywa maji ya matunda chupa nzima, kwa kuwa alisikia ya kwamba matunda ni mazuri. Mwingine tena, ambaye anapigwa sindano kila siku, anaogopa pipi hata saa ile ambapo pipi ingemwokoa.

Msiwacheke. Waganga wakubwa wa Ulaya walipotea katika njia hiyo hiyo muda wa miaka mia na zaidi, na wengine walipotea vibaya kuliko jirani zetu. Leo tutaifuata njia yao hatua kwa hatua, tuone namna watu walivyopata kujua kwamba utamu wa kinywani ni jambo moja, na sukari inayopanda damuni ni jambo lingine.

Tuanze na neno lenyewe, maana limetembea sana. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, waliita śarkarā, ndiyo kusema changarawe, kwa sababu sukari ilikuwa punje punje kama mchanga wa mtoni. Waajemi wakalichukua neno hilo, Waarabu wakasema sukkar, na kutoka kwao likapita njia mbili: njia moja ikalileta pwani ya Afrika likawa sukari, njia nyingine ikalipeleka Ulaya likawa zucchero kwa Waitalia na sucre kwa Wafaransa. Basi yule anayeagiza sucré na yule anayeomba sukari wanasema neno moja.

Katika karne ya 13 sukari ilikuwa huko Ulaya kitu cha ghali, ikiuzwa pamoja na viungo na madawa. Hapo likatokea swali: mtu anayefunga akila vile vitu vitamu vya dawa vilivyochanganywa na viungo, je, amevunja mfungo? Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijibu katika Summa Theologiae. Alisema vitu hivyo, ingawa vinalisha kidogo, haviliwi kwa kushiba bali kwa kusaidia tumbo kusaga chakula. Basi havivunji mfungo, isipokuwa mtu akivila vingi kwa hila na kuvifanya chakula. Tunalipenda sana neno hilo la hila. Thomas hakujua habari yoyote ya sukari ya damu, lakini alijua jinsi mtu anavyotafuna kidogo kidogo, huku akijiambia moyoni kwamba hajala kitu.

Baadaye sukari ikashuka bei. Ilishuka kwa jasho na damu ya watu wa Afrika waliouzwa na kupelekwa katika mashamba ya miwa ya Amerika, nayo ni habari ya aibu inayostahili makala yake peke yake. Halafu wakajifunza kuitoa hata katika mizizi mitamu ya Ulaya iitwayo betterave. Kwetu pia, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira, kilijengwa kiwanda cha sukari huko Kiliba. Kitu kilichokuwa dawa ya matajiri kikawa kitu cha kila kikombe.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko viwanda. Aretaeus wa Kapadokia, mganga Mgiriki wa siku za Dola ya Roma, aliandika juu ya wagonjwa wanaokunywa maji bila kukata kiu, wanaokojoa bila kukoma, na ambao miili yao inayeyuka. Jina la Kigiriki la ugonjwa huo, diabetes, maana yake kitu kinachopitisha maji kama mrija. Waganga wa Uhindi walikuwa wamegundua zaidi: mkojo wa wagonjwa hao uliita sisimizi. Wakauita madhumeha, mkojo wa asali. Tena waliona kwamba kuna wagonjwa wembamba wanaopata ugonjwa mapema, na kuna wanene wanaokula sana na kukaa tu. Sisi tunasema kisukari, na jina letu linafanana na lile la Wahindi kuliko la Wagiriki.

Mwaka 1776 Matthew Dobson, mganga wa Liverpool huko Uingereza, alichukua mkojo wa mgonjwa mmoja mwenye miaka 33, akauweka motoni polepole mpaka maji yote yakatoka. Chini ya chombo kikabaki kitu cheupe cha punje punje. Akakionja, kikawa kitamu kama sukari. Akaonja na maji ya damu yake, akakuta nayo yana utamu, ingawa si mwingi kama ule wa mkojo. Jambo hilo lilikuwa kubwa. Mpaka hapo wengi walidhani ya kwamba figo ndizo mbovu. Dobson alionyesha kwamba sukari imo kwanza katika damu, na mkojo unaitoa tu kama mtu anayetupa nje kilichomzidi nyumbani.

Lakini sukari hiyo ilitoka wapi? Mnamo 1797 John Rollo, mganga wa askari wa mizinga wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya ofisa mmoja mnene sana, Kapiteni Meredith, aliyekuwa na ugonjwa huo. Rollo alimnyima mkate, nafaka na mboga, akampa nyama, mafuta na maziwa tu. Chakula kilikuwa kibaya, nyama nyingine ilikuwa imeanza kuoza, na sisi tusingependa kualikwa mezani hapo. Hata hivyo sukari ya mkojo ilipungua. Nafaka na mkate viliporudi, sukari ilirudi pamoja navyo. Angalieni jambo hili: mkate si mtamu. Mgonjwa angeweza kuapa kwamba hakuonja sukari hata punje, na mkojo ungemshuhudia kinyume.

Sababu yake ikaonekana miaka michache baadaye. Mwaka 1811 Kirchhoff, mwanakemia wa Petersburg, alichemsha wanga pamoja na asidi, akapata sukari. Kumbe wanga, yaani ule unga wa muhogo, wa mahindi, wa ngano na wa viazi, ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kama shanga katika uzi. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe bila asidi yoyote: atafune kipande cha mkate mkavu muda mrefu bila kumeza, naye ataonja utamu ukija polepole. Mate yameanza kukata uzi.

Mtu akisikia hayo atasema: basi damu njema ni ile isiyo na sukari kabisa. Sivyo. Claude Bernard, mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, alipima damu ya wanyama waliolishwa nyama tu, akakuta sukari. Akafuata nyayo mpaka akafika kwenye ini. Mwaka 1857 alitoa humo kitu kinachofanana na wanga, akakiita glikojeni. Ini ni ghala: baada ya kula huweka akiba, na usiku tunapolala hufungua mlango kidogo kidogo, ili ubongo usife njaa. Leo tunajua hata kiasi chake. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya aliyeamka bila kula, mna sukari ya gramu 5 hivi, ndiyo kusema kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kwa mwili mzima! Na katika vinywaji vingi vya chupa mna gramu 10 hivi za sukari kwa kila sentilita 10. Chupa ya sentilita 33 inaleta basi vijiko saba hivi kwa mara moja, mbele ya ghala iliyozoea kuhesabu kimoja kimoja. Mwenye afya hupokea mzigo huo, kwa sababu kongosho lake linapiga mbio kumsaidia. Mwenye kisukari hawezi.

Paris ilikuwa wakati huo na waganga wawili wenye mawazo yaliyopingana. Piorry alifikiri hivi: mgonjwa anapoteza sukari, basi tumrudishie sukari nyingi. Neno hilo linaonekana kuwa na akili, kama mtu anayemwaga maji katika mtungi uliopasuka. Yule wa pili, Apollinaire Bouchardat, alikuwa mfamasia na mganga, mtu wa kupima na kuandika. Mnamo Septemba 1870 Waprusia waliuzingira mji wa Paris, na njaa ikaingia mpaka Januari 1871. Watu walikula farasi, wakala na panya. Bouchardat aliwatazama wagonjwa wake wa kisukari akitarajia mabaya, akaona kwamba kwa wengine sukari ilitoweka mkojoni. Tangu hapo aliwaambia wagonjwa wale kwa uchache, wapime mkojo wao wenyewe kila siku, na kila mmoja ajue chakula kipi kinamdhuru na kwa kiasi gani. Tena aliwaagiza kufanya kazi za mikono, maana aliona ya kwamba misuli inayofanya kazi inaitumia sukari. Mgonjwa mmoja alipomwomba mkate, alimkumbusha lile neno aliloambiwa Adamu, kwamba ataupata kwa jasho la uso wake. Sisi tunamwona Bouchardat kuwa wa kwanza aliyemfanya mgonjwa mwenyewe kuwa mganga wa meza yake. Wengine wanamsifu zaidi Bernard, na kweli Bernard alikuwa na akili kubwa zaidi. Lakini Bouchardat ndiye tungependa atutibu.

Habari ya insulini inajulikana, basi tutaipitia upesi. Mwaka 1869 Langerhans aliona katika kongosho vijisehemu vidogo kama visiwa. Mwaka 1889, huko Strasbourg, von Mering na Minkowski waliondoa kongosho la mbwa, na mbwa akapata kisukari. Mwaka 1909 Mbelgiji Jean de Meyer alikipa jina kile kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona bado: insulini, kutoka neno la Kilatini insula, kisiwa. Huko Toronto, Kanada, katika majira ya joto ya 1921, Banting na Best walianza kukitafuta katika maabara ya Macleod, na Collip akakisafisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano. Ile ya kwanza, ya tarehe 11, haikufaa sana. Ile ya tarehe 23 ilishusha sukari.

Kabla ya siku hiyo mtoto mwenye kisukari alikuwa na njia moja tu: kula kidogo sana kuliko anayekula kidogo. Mganga Mmarekani Frederick Allen aliwanyima wagonjwa wake chakula mpaka mkojo usiwe na sukari. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliishi hivyo karibu miaka mitatu. Alipofika Toronto mnamo Agosti 1922, alikuwa karibu na miaka 15 na uzito wa kilo 20 hivi. Watu wengi humlaumu Allen. Lakini tufikiri: bila njaa ile, Elizabeth asingalifika Toronto akiwa hai. Insulini ikamrudisha. Aliolewa, akazaa, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73.

Pamoja na insulini likaja jambo jipya ambalo waganga wa kale hawakulitazamia. Dawa ikizidi, au mgonjwa akichelewa kula, sukari hushuka mno: mikono inatetemeka, jasho baridi linatoka, moyo unapiga, akili inavurugika, naye anaweza kuzimia na hata kufa. Hapo Toronto walitoa pipi na maji ya machungwa. Miaka mia na zaidi sukari ilikuwa adui, na sasa mgonjwa alitembea nayo mfukoni. Ndipo lile neno "kutuliza" likaonekana wazi. Haitoshi sukari iwe chini. Inatakiwa isipande kama mtu anayekimbia mlima na isianguke kama jiwe.

Sasa tunafika katika Afrika yetu. Hugh Trowell, mganga Mwingereza, alikuja Kenya mwaka 1929, halafu akafundisha na kutibu muda mrefu katika hospitali ya Mulago, Uganda. Aliona utapiamlo, malaria, minyoo na magonjwa yote tuyajuayo, lakini kisukari kilikuwa haba kati ya watu wa mashambani. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya Afrika yasiyoambukizwa. (Aliporudi kwao akawa padri wa Kianglikana, lakini hakuacha kuandika juu ya vyakula.) Mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliuliza swali lile lile: watu hawa wanakula ndizi, viazi, mihogo na maharagi, yaani wanga mtupu, tena kwa wingi. Kama wanga ni sukari, mbona hawaugui?

Jibu lao lilikuwa makapi. Chakula cha shamba kina nyuzi zake na maganda yake, nazo zinaifungia sukari ndani na kuitoa polepole. Kinu cha kiwanda kinaondoa nyuzi hizo, na kinachobaki kinapita tumboni bila kizuizi. Mwingereza mwingine, Cleave, mganga wa meli za vita, pamoja na Campbell wa Durban, walisema neno kama hilo katika kitabu cha mwaka 1966. Walitoa mfano wa wakata miwa wa Afrika ya Kusini, ambao hutafuna miwa mchana kutwa na bado ni wachache kati yao wanaougua, kuliko ndugu zao wa mjini wanaonunua sukari nyeupe kwa kilo. Kwa maoni yetu Cleave alipita kiasi, maana aliibebesha sukari karibu mizigo yote. Wakata miwa walifanya kazi ya kuvunja mgongo, nao walikuwa wembamba. Damu ya ukoo, umri, tumbo linaloongezeka na kukaa bila kazi, vyote vina sehemu yao. Hata hivyo kila mtoto wa kwetu aliyewahi kutafuna muwa anajua ukweli mmoja wa Cleave: taya huchoka kabla ya tumbo kushiba. Chupa haichoshi taya.

Jambo hilo lilipimwa vizuri mwaka 1977 huko Bristol, Uingereza. Haber, Heaton na wenzao waliwapa watu 10 wenye afya tufaha kwa namna tatu: tufaha zima, tufaha lililopondwa, na maji yake tu bila makapi. Sukari ilikuwa kiasi kimoja katika namna zote tatu. Yale maji yalimezwa kwa mwendo wa mara 11 kuliko tufaha zima, na yale maponde yakamalizika upesi pia. Katika damu sukari ilipanda karibu sawa kwa wote. Lakini tazameni kilichofuata. Baada ya maji, kongosho lilimwaga insulini nyingi zaidi, na sukari ikaanguka hata chini ya pale ilipokuwa kabla ya kunywa. Baada ya maponde ilianguka kidogo. Baada ya tufaha zima haikuanguka hivyo. Tena waliokula tufaha zima walisema wameshiba, na waliokunywa walisema hawakushiba sana. Tunda moja, sukari moja, na mambo matatu katika mwili! Tunaweza kuelewa sasa kwa nini mtoto aliyekunywa kitu kitamu saa nne analia njaa saa tano, na kwa nini mutobe wa ndizi, hata usio na kilevi, si sawa na ndizi.

Miaka minne baadaye, Toronto tena, David Jenkins na wenzake waliwapa watu wenye afya vyakula 62, kimoja kimoja, wakapima damu yao muda wa saa mbili. Glukosi, ile sukari ya damu yenyewe, waliipa namba 100, na vingine wakavilinganisha nayo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Mkate mweupe ulipata 69 hivi. Sukari ya mezani ilipata 59. Asali 87. Ndizi 62, tufaha 39, maziwa 34. Maharagi na jamii yake, kwa wastani, 31. Karanga zilipata 13 tu.

Basi mkate uliishinda sukari! Mtu asifurahi upesi mno. Nusu ya sukari ya mezani ni ile ya namna ya matunda, ambayo haionekani sana katika kipimo hicho kwa kuwa inashikwa na ini kwanza, na ikiwa nyingi ini huigeuza mafuta. Kwa hiyo namba ndogo si ruhusa ya kujaza kikombe. Tena watu waliopimwa walikuwa wachache, na chakula hubadilika kwa kuiva, kwa kupondwa na kwa kupikwa. Karoti walizipa 92, na wengine walipopima tena walikuta namba iliyo chini sana ya hapo. Tunawajua watu waliokatazwa karoti kwa ajili ya namba hiyo moja, nao wakaendelea na mkate mweupe. Sisi tunazisoma namba hizo kama alama za njiani. Hazitoshi kuwa sheria. Lakini njia zinayoonyesha ni ile ile ya Rollo, ya Bouchardat na ya Trowell.

Tukiishuka njia hiyo mpaka mezani kwetu, tunaona nini? Kwanza vinywaji, maana ndivyo vinavyofika damuni mbio kuliko vyote. Maji hayana neno. Chai na kawa hazina neno zenyewe. Mzigo wao ni kijiko. Anayetia vitatu aweke viwili juma hili na kimoja juma lijalo, na ulimi utazoea. Tumeona wazee wa miaka 60 wakizoea. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2015 hesabu iwe hivi: sukari inayotiwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote tunazokula, na ikiwezekana ishuke mpaka nusu ya hapo, ndiyo gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja ile ya sentilita 33 imekwisha kupita kiasi hicho.

Kisha vitafunio. Karanga za kukaanga kiganja kimoja, yai la kuchemsha, kikombe cha maziwa yasiyotiwa sukari, maharagi yaliyobaki jana, parachichi, tunda zima lenye kutafunwa: hivi havisukumi sukari juu kwa haraka. Biskuti, maandazi na mkate mweupe vinaisukuma. Mwenye kupenda andazi ale moja pamoja na karanga au yai, maana mafuta na nyama hukawiza tumbo kumwaga kilichomo, na sukari inapanda polepole. Ndizi isiyoiva sana inafaa kuliko ile iliyolegea. Na baada ya kula, mtu asilale kitini. Atembee kidogo, hata robo saa, kama Bouchardat alivyowahimiza watu wa Paris.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopigwa insulini, na kwa wanaokula vidonge ambavyo mganga amesema vinaweza kushusha sukari mno. Kutetemeka na jasho baridi vikianza, msingoje, wala msiogope kwamba mnavunja amri. Vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya sucré, ile yenye sukari ya kweli. Ngojeni robo saa. Kama hali haijabadilika, rudieni. Ikitulia, kuleni kitu kama mkate au ndizi ili isishuke tena. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani, maana atapaliwa; alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Tena wasinywe pombe, kasiksi au nyingine, na tumbo tupu, kwa sababu pombe hufunga mlango wa lile ghala la Claude Bernard saa ile ile unapohitajiwa. Na pipi zikae mfukoni kila siku, mahali ambapo watoto hawatazigundua.